Okestra Isiyowangoja Wachezaji

Mwezi uliopita nilikwenda Kyela kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wangu, na huko nikaibiwa mara ya pili na mtu yuleyule. Nilikuwa nimekaa meza ya wazazi, sahani ya wali na samaki iko mbele yangu, mshereheshaji akaomba watu wasimame kuwapokea maharusi. Ukapigwa ule muziki. Siku hizi hautoki kwenye kanda; kijana anabonyeza kompyuta, na okestra nzima ya Wazungu waliokufa zamani inatoka kwenye spika ikiwa safi, mikwaruzo imefutwa, maana rekodi zile hutolewa upya kila chombo kipya kinapokuja duniani. Filimbi ikaanza, fidla zikafuata, bibi harusi akatembea. Ndipo mshereheshaji akasema kwamba hapa Kyela muziki huu una mama yake, na mama yake yuko nasi ukumbini, tumpigie makofi Mama Sekela. Sekela akainuka, kanenepa, kitenge cha bei, akapunga mkono huku na huku. Aliponiona mkono ulisita kidogo, kisha ukaendelea kupunga. Nilitamani kumrushia sahani. Watu husema uzee unapoza moyo. Wangu haukupoa, ni kiporo nilichokuwa nakipasha moto kila mwaka, na mwaka huu nimeamua kukipakua. Mimi ni Atuganile. Muziki ule niliuleta mimi, na nitaeleza jinsi ulivyonitoka mikononi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu vilivyokuwa vikivushwa Mto Songwe, mpakani na Malawi, chini ya magunia ya mchele, watu wakiomba Mungu, sasa vilivuka mchana kweupe: sabuni, redio, vitambaa, baiskeli. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi kwenye kibanda cha kanda cha Mzee Asajile, karibu na soko la Kyela. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi migodini huko kusini, akarudi na Kiingereza, kikohozi na deki ya kanda mbili. Watu walituletea kanda tupu, tunawarekodia kwaya au dansi. Siku moja shemeji yake wa Karonga akamletea katoni la kanda kutoka kwenye duka lililokuwa linafungwa huko Malawi. Mzee aliitazamia rumba. Tulipofungua tukakuta okestra, okestra, okestra, kanda zote ni muziki wa dansi za kizamani za Wazungu na wa baleti. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akaniambia kanda ni kanda, niyazibe yale matundu mawili ya juu kwa gundi ya karatasi ili mashine ikubali kurekodi, halafu nirekodi kwaya juu yake. Nikaanza. Wale Wazungu nimewafuta wengi, siwezi kudanganya, Kyela nzima walikuwa wanasikiliza mapambio juu ya makaburi yao. Lakini kanda moja niliiweka kwanza nisikie ninafuta nini, na sikuifuta.

Ndani ya kasha kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mzee Asajile alivaa miwani akanisomea mlangoni, kwenye mwanga. Okestra ile ilirekodiwa zamani kwenye santuri, kabla ya vita kubwa, na sasa rekodi ilikuwa imesafishwa na kutolewa upya. Baleti, akanieleza, ni mchezo wa Wazungu ambao watu wanacheza hadithi nzima bila kusema neno, wasichana wanasimama kwa ncha za vidole. Na mwandishi wa karatasi alikuwa analalamika: kiongozi wa okestra aliupeleka muziki mbio kuliko miguu ya binadamu, kwa sababu alikuwa anarekodi kwa ajili ya masikio, studioni hapakuwa na mchezaji hata mmoja. Mzee akavua miwani. “Huyu bwana hakuwangoja wachezaji,” akasema, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilisikiliza kanda ile mchana kutwa. Chini ya muziki kulikuwa na mlio kama mafuta yanayochemka kikaangoni, ndiyo mikwaruzo ya santuri ambayo usafi wao haukuiweza, na mahali fulani, fidla zikiwa zimenyamaza, mtu alikohoa. Nilimpenda huyo mtu. Nilikuwa najiuliza alikula nini siku hiyo, alirudi nyumbani kwa nani.

Sekela alikuwa rafiki yangu, tena zaidi ya rafiki. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ukuta ukitetemeka kutwa, vumbi la pumba kwenye chandarua, kwenye nywele, kwenye chai. Tulilala godoro moja, tukala sahani moja, ndizi na usipa, dagaa wa ziwani, na siku mambo yakiwa mazuri wali. Yeye alitoka Ikolo, alikuwa anauza vitenge vya kutoka ng’ambo, na alijua kucheza, hilo siwezi kumnyima. Nilipoleta ile kanda chumbani alijaribu kuicheza kwa ncha za vidole, akaanguka juu ya godoro, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Haikuchezeka. Kesho yake nilimleta kibandani. Kwenye mota ya deki kuna tundu dogo lenye skrubu. Mzee alikuwa ametoboa kifuniko cha nyuma ili bisibisi ifike, kwa sababu kanda za watu zilirekodiwa kwenye mashine zenye mwendo tofauti, na sisi tulizirekebisha. Nikaizungusha skrubu kidogo, muziki ukapungua mwendo. Fidla zikaacha kulia kitoto, zikawa na sauti ya wanawake watu wazima. Filimbi ikapata nafasi ya kuvuta pumzi. Sekela akasimama pale kati ya kabati na mlango, akatembea hatua moja, akangoja, akatembea nyingine. Nikamwonyesha wapi ageuke, wapi ainame, wapi asimame kabisa muziki umpite. Akasema hivi ndivyo bibi harusi anavyotakiwa kuingia.

Ndivyo ilivyoanza. Kabla ya hapo bibi harusi wa kwetu aliingia na kwaya au na ngoma, watu wanamsukuma kwa furaha, shela linaning’inia sikioni. Harusi ya kwanza tuliifanya Ikolo, binti wa mkulima wa kokoa. Mimi nilikaa kwenye mashine na bisibisi yangu, Sekela aliwapanga wapambe. Bibi wa yule binti alisema mjukuu wake ametembea kama aliyebeba mtungi wa maji usiotakiwa kumwagika, na akalia. Ikafuata Ngana, zikafuata nyingine. Tulirudi na sufuria za wali, na kuku wazima wamefungwa miguu, na vitenge. Watu walikuwa wanatuita wale watoto wa okestra. Nikasema sasa nimepata jina. Msichana asiye na ng’ombe wala shamba ana nini kingine? Ana jina lake tu, na langu lilikuwa zuri kutoka Ngana mpaka ziwani.

Kisha ikaja harusi ya Neema. Baba yake, Mzee Gwakisa, alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mmoja wa wale wa kwanza kununua lori baada ya ushirika kulegea. Neema mwenyewe alikuwa msichana mpole, mrefu, anayeinamisha kichwa akipita mlangoni hata kama mlango ni mrefu kuliko yeye. Ndiye mteja pekee niliyewahi kuwa naye aliyependa okestra kwa ajili ya okestra. Alikuwa anakuja kibandani baada ya soko kutulia, anakaa kwenye benchi, ananiomba nimwekee upande wa pili, ule usio na waltzi, ile dansi ya kizamani tuliyoingizia maharusi, wenye mapigo ya polepole. Muziki ukiisha anasema ndaga fijo, asante sana kwa lugha ya kwetu, anaondoka. Alikuwa anaolewa na Yona, mtoto wa mshirika wa baba yake upande wa Karonga, kijana aliyekuwa ananunua samaki Lyulilo, kule karibu na Matema. Kamati ya harusi ilitaka watoto wa okestra, na Neema alisema anamtaka Atu. Hapo ndipo shoga yangu alipogeuka. Alitaka harusi ya tajiri iwe yake peke yake.

Nilisikia kwa masikio yangu. Siku ya kikao cha kamati nilifika mapema, mama yake Neema akanipeleka nyuma kumenya ndizi na wanawake wengine. Ukuta wa jikoni haukufika kwenye bati, kwa hiyo yaliyosemwa sebuleni yalitudondokea pamoja na moshi. Wiki chache nyuma yule bibi harusi wa Ngana alikuwa amerudi kwa mama yake, amegombana na wakwe. Nikasikia sauti ya Sekela, tamu kama uji wa mgonjwa. “Atu ni ndugu yangu, tunalala godoro moja, sisemi kwa ubaya. Lakini harusi anazozishika hazikai. Mwangalieni yule wa Ngana. Ule mkono una mkosi. Mimi nitawafundisha watoto, yeye asiguse kitu.” Shangazi mmoja akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jikoni wanawake wote walitazama ndizi zao. Mwenzangu mmoja aliliondoa taratibu beseni nililokuwa naweka ndizi nilizomenya, akalisogeza mbali na lake. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nasikia watu wakisema, sikujua kwamba nguo yenyewe ni shuka tunayojifunika wote wawili. Siku hiyohiyo nilihamisha vitu vyangu, nikalala kwenye stoo ya kibanda juu ya makatoni. Kanda ilibaki kwake. Alikataa kunirudishia.

Mkosi au si mkosi, mtambo wenye spika kubwa ulikuwa wa Mzee Asajile, na mtu wa kuuendesha nilikuwa mimi tu, kwa hiyo kamati ilikubali shingo upande: nitakaa nyuma ya pazia, nisionekane, nisisalimie mtu. Nilikubali. Siku chache kabla ya harusi nilikwenda kwa Mzee Gwakisa kupima waya, nikasikia mazoezi nyuma ya nyumba. Nikasimama kwenye ua wa migomba. Sekela alikuwa anafundisha kwa redio ndogo ya kanda ya mjomba wake, na betri zake zilikuwa zimekwisha kitambo. Kila asubuhi walizianika juu ya bati zipate jua, zikamuliwe tena. Muziki ulikuwa unatoka mzito, unajikokota kama mtu anayetembea kwenye jaruba la mpunga. Yeye skrubu hakuielewa, ingawa aliniona nikiizungusha. Wakati wote alidhani kanda ikishapunguzwa mara moja inabaki hivyo, na zile betri zilizochoka zikampa mwendo uleule niliokuwa nautengeneza mimi kwa bisibisi, tena wa pole zaidi. Hatua zote alizipanga juu ya betri zinazokufa. Neema alitembea vizuri ajabu. Nilijua, palepale kwenye migomba, kwamba siku ya harusi kutakuwa na jenereta, na okestra itakwenda mbio zake za kuzaliwa, kwa maana skrubu nilikuwa nimesharudisha mahali pake ili nirekodi kwaya. Neno moja tu kwa Sekela lingetosha. Nikakunja waya wangu nikaondoka. Yeye amemwaga ugali, mimi namwaga mboga.

Harusi ilifanyika kwenye ghala la ushirika, maana halikuwa na mpunga tena, limebaki na harufu yake na panya wake. Walilipamba kwa mitende na karatasi za rangi. Watu wa Karonga walikaa upande mmoja, suti zao nzito, jasho linawatoka kwa adabu. Kanda ililetwa nyuma ya pazia na mpambe, Sekela hakutaka kuniangalia. Mlango ukafunguliwa, nikabonyeza. Filimbi ikaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Wapambe walipiga hatua ya kwanza sawasawa, ya pili wakaitafuta, ya tatu wakagongana. Mmoja akacheka kwa woga, mwingine akaanza kukimbia ili aufikie muziki. Neema alikanyaga pindo la shela, akainama kulivuta, muziki ukamwacha hapo katikati ya ghala. Sekela alikuja nyuma ya pazia ananuka jasho na marashi. “Atu, punguza. Nakuomba.” Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu, sikatai. Nikamwambia aniombe kwenye kipaza sauti. Awaambie watu kwamba yale aliyoyasema sebuleni ni uongo, nitapunguza hapohapo. Nilimwona akifikiri. Nilimwona kabisa, macho yanakwenda kwenye skrubu, yanarudi kwangu. Kisha akatoka, akachukua kipaza sauti, akavuta pazia. “Jamani wapendwa, mtuwie radhi,” akasema. “Si niliwaambia kuhusu huu mkono?”

Ghala zima likanitazama. Nimekaa pale juu ya gunia, bisibisi mkononi, na okestra inakimbia peke yake. Mtu anawezaje kukana katika hali hiyo? Kina mama wa kwaya wakaanza wimbo wao, wakamzunguka Neema, wakamwingiza kwa kupiga makofi. Alipopita karibu yangu aliniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa ananiuliza kitu, na mimi niliangalia pembeni. Kwa Sekela sikujuta siku ile na sijuti leo. Angekuwa na akili angeangalia betri zake.

Baada ya hapo hakuna aliyeniita tena. Bibi harusi mtarajiwa akiwa anapita sokoni, mama yake alimvuta upande wa pili wa barabara. Hata watu wa kwaya walimwambia Mzee Asajile awarekodie mwenyewe, wapo tayari kusubiri kikohozi chake kitulie. Yeye alikuwa ananitania kwamba nimekuwa mtu mkubwa, naogopwa kama mkaguzi wa kodi, lakini aliniachia chai yake nusu kila asubuhi na hakunifukuza. Mimi usingizi haukuja. Nilikuwa nalala juu ya makatoni nawaza namna ya kumkomoa Sekela, nikapita njia zote za kawaida, nyingine sitaki kuziandika. Mwisho nikaona kwamba uongo wake una mguu mmoja tu wa kusimamia: harusi nilizoshika hazikai. Basi zitakaa. Nitahakikisha zinakaa zote, hata kama ni kwa kuzishikilia kwa meno, mpaka siku moja asimame sokoni aulizwe, ule mkosi uko wapi? Jina langu nililitaka lirudi, na nililitaka lirudi likimkanyaga yeye.

Nikaazima baiskeli ya Mzee, nikaanza na Ngana. Nilikaa kwa yule bibi harusi aliyerudi kwao, nikakaa kwa wakwe zake, nikala mbalaga zao za ndizi na maharage siku mbili, nikagundua ugomvi wote ni wa jiko: mama mkwe na mkwe wanapikia chungu kimoja. Nikamwambia kijana ajenge jiko la pili, na asipojenga nitahamia kwake. Akajenga. Mke akarudi. Kule Ikolo, mume wa yule binti wa mkulima wa kokoa alikuwa ameanza kulala kilabuni. Nilimfuata hukohuko, nikakaa kwenye benchi lao mikono nimefumbata, kila jioni, mpaka wenzake wakamwomba aende nyumbani wapate kunywa kwa amani. Watu wakaanza kusema Atu ana moyo, Atu ana upendo wa Kikristo. Upendo gani? Kila nyumba niliyoituliza nilimwona Sekela akipungukiwa na neno mdomoni. Nilikuwa napiga pedali kwenye matope yale kwa hasira tupu, na nikiwa njiani nilijiimbia ile waltzi kwa mwendo wangu, wa pole, ulio sahihi.

Neema naye nilimhesabu. Sekela alikuwa ameniandikia harusi ile mbele ya ghala zima, kwa hiyo na hiyo ilinipasa ikae. Nilikwenda Lyulilo siku ya soko, vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, vimepangwa mchangani, mitumbwi inaendelea kuleta vingine. Nyumba yao ilikuwa nzuri, ya bati, madirisha yameelekea ziwani. Yona alinipokea vizuri, akaagiza mbasa mkubwa achomwe, akanisimulia bei za Malawi. Neema aliandaa meza. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu, na joto la ziwani mnalijua. Nikamuuliza mbele ya mumewe kama ni wazima. Akasema ni wazima. Nilitaka kusikia hivyo, nikasikia, nikala samaki wangu. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye vyungu, akaniuliza kama ile kanda nimeipata. Nikasema bado. Akasema anajaribu kuukumbuka upande wa pili, lakini kuna mahali unampotea.

Mvua kubwa zilipoanza, mambo yalikuwa yamegeuka. Watu walianza kuulizana sokoni mbona zile harusi zote zimekaa. Mama mmoja wa pale mjini akaja kibandani, akazungukazunguka, mwisho akasema ana binti, mavuno yakipita angependa nimshikie. Nilimjibu kwa upole kwamba nitaangalia nafasi, kisha nikaingia stoo nikacheza peke yangu kati ya makatoni. Sekela alikutana nami kwenye duka la mafuta ya taa. “Ugonile, Atu,” akanisalimu, kwa sauti ya zamani ya chumbani kwetu. Nilimpita kama sikumsikia. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana.

Juma hilohilo, mchana, mvua inapiga bati mpaka hatusikii kanda, Neema akaingia kibandani. Alikuwa amepanda mtumbwi, amepanda pikapu, amemalizia kwa miguu. Mdomo ulikuwa umepasuka. Mkono wa kushoto aliubeba kwa wa kulia. Mzee Asajile alizima deki, akasema anakwenda kutafuta sukari, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Nilimvua Neema ile blauzi nikaona yaliyokuwa chini yake, mengine ya jana, mengine ya zamani. Akanieleza taratibu, bila kulia. Alikuwa amekwenda kwa baba yake mara mbili, na mara zote mbili alirudishwa kwa lori la mpunga. Ng’ombe walishapokewa, biashara ya Karonga inamtegemea mkwe, na wazee walisema mke anayekimbia bila sababu inayoeleweka ameharibu mwenyewe. Kichapo kwao hakikuwa sababu. Nikamuuliza sasa anataka nini kwangu. “Wanasema wewe unajua kuwarudisha watu,” akasema. “Nirudishe, Atu. Ila umwambie asinipige.”

Nitakuwa mkweli kuhusu nilichokiwaza kwanza: niliwaza yule mama na binti yake. Niliwaza kwamba ndoa hii ikivunjika, Sekela ameshinda, na ameshinda milele. Niliwaza naweza kwenda Lyulilo kumtisha Yona kama nilivyowatisha wengine, pengine atashika adabu mpaka mavuno. Nilimpa Neema chai, akaishika kwa mkono mmoja, kikombe kikagonga jino, akakunja uso kwa maumivu. Nikamwambia hatarudi. Akasema baba hatakubali, atasema yeye ndiye aliyeharibu. Nikamwambia hakuharibu yeye. “Waambie ni mimi. Kila mtu wa Kyela alikuwepo ghalani, kila mtu alisikia. Mama yako aanze yeye, aseme ndoa ilitiwa mkosi mlangoni, na aliyeutia anajulikana.” Neema akaniambia lakini si kweli. Nikamwambia anywe chai.

Kikao kilikaliwa sebuleni kwa Mzee Gwakisa, ileile. Wajomba zake Yona walivuka kutoka Karonga, wazee wanne wenye kofia, na Yona mwenyewe kwenye kona, anachezea funguo. Wanawake tulikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Sekela aliitwa kwa kuwa ndiye aliyefundisha harusi. Mama yake Neema akasema kama nilivyompangia, na nikaona wale wajomba wanaitikia kwa vichwa, maana waliyaona kwa macho yao, walikuwa wamevaa suti zao siku hiyo. Hakuna mzee anayetaka kubishana na mkosi. Mkubwa wao akasema ikiwa ndivyo, basi hapa hakuna wa kulaumiwa kati ya watoto hawa wawili, wala kati ya nyumba hizi mbili, ng’ombe watazungumzwa kindugu. Lakini alitaka kusikia kwa mwenyewe. Akaniambia nisimame.

Nilisimama. Sekela ndiye aliyeshtuka. Alishaelewa ninachotaka kufanya, alikuwa ananijua kuliko wote waliokuwa ndani, na nikaona uso wake unabadilika. “Wazee,” akaanza, “lile lilikuwa neno tu la mdomoni, mimi siku ile…”

“Nyamaza, Sekela,” nikasema. “Ulisema kweli.”

Mzee akaniuliza, kwa sauti ya utaratibu, kama ni kweli mkono wangu una mkosi. Nilimgeukia Sekela, nikamtazama yeye, si mzee. Katika nyumba ile mimi, Neema na yeye tu tulijua kwamba ni uongo, na mwenye kuutunga alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdomo wazi, hana pa kuupeleka tena. Alibaki nao. Anao mpaka leo, hata anapopungia watu kwenye harusi, na msamaha wangu asiungoje.

“Unao,” nikamjibu mzee.

Waliniomba nitoke kabla chai haijaletwa, nisije nikagusa vikombe. Yule mama mwenye binti alikuwa kwenye mkeka na wenzake. Alivuta miguu yake nilipopita. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi, naangalia mahali nilipoacha baiskeli, niliposikia Mzee Gwakisa ndani anakohoa, kisha anasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajazoea kusema pole, “Neema, chumba chako kipo.”